Ile Betri ya Mutegi

S.L.P. 17,
Kanyakine.
Jumatano, 12 Machi 2025.

Mpendwa shemeji Jumaa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku milimani. Habari za Kisauni? Mfungo unaendaje na hilo joto lenu? Na mguu wa dada yangu Nkirote, umepona? Mwambie aache kupanda ngazi kama msichana. Sisi tuko, ila nimeungua mkono wa kulia, ndiyo maana hati imekaa hivi. Mvua bado. Kahawa imesimama tu inatuangalia.

Barua yako nilipata. Unauliza hisa za hiyo kampuni ya betri, ile binti yangu Winrose anafanyia kazi Embu, ununue ama uache, kwa sababu umeona video ya pikipiki iliyoungua kwangu. Nimekupigia simu mara mbili nikujibu, nikaishia kukuuliza bei ya samaki. Kwa kalamu pengine nitaweza.

Kwanza nikueleze kampuni yenyewe, maana mtu wa kueleza betri kunishinda hajazaliwa Imenti hii yote. Betri yao ndani ni vitu vidogo vidogo kama betri za tochi, vimepangwa kama mayai kwenye trei, na kuna kibao cha kompyuta kinachoangalia ni gani imepata moto na ni gani imechoka. Haina asidi, hainywi maji. Mtu wa boda anafika stesheni yao, anaacha iliyoisha, anabeba iliyojaa, anaenda zake. Stesheni ziko Embu na Runyenjes. Wanataka kujenga karakana ya kuziunganisha hapo Runyenjes, kisha waingie Meru, kisha huko kwenu kwa tuktuk. Ndiyo maana wanauzia wakulima hisa, na watu wa majani chai walikuwa wamekubali.

Sasa wamerudi nyuma kwa sababu ya hiyo video.

Mutegi ni jirani yangu, wa kwanza kununua hiyo pikipiki hapa Kanyakine. Winrose ndiye alimwuzia, na anaichaji nyumbani kwake. Wiki mbili zilizopita akaja analalamika betri haimfikishi Nkubu na kumrudisha. Alitaka kuipeleka Embu. Nikamwambia, "Embu ya nini na mimi niko? Nilifufua betri za magari ya serikali kabla mama yako hajaolewa." Na si uongo, shemeji. Watu walikuwa wananiletea betri za televisheni kwa wilibaro. Winrose nimemsomesha na asidi.

Mutegi akaniachia, akaenda sokoni. Winrose alikuwa ameniambia siku nyingi, "Baba, hii haifunguliwi." Lakini mimi nilisema betri ni betri, hakuna ya kuchajiwa ambayo haina kiu. Nikaifungua hapo hapo kwenye pikipiki na bisibisi, nikaimiminia maji ya betri, yale safi ya chupa. Ikalia kama mafuta kwenye sufuria. Moshi, halafu moto. Nilikimbia. Nakuambia mimi Mithika nilikimbia. Pikipiki yote ikaisha, na kibanda changu cha kazi.

Mutegi aliporudi nikamwambia, "Imewaka yenyewe." Akatoa simu akapiga video. Maneno mawili tu, na yamefika mpaka Mombasa.

Jioni mke wangu Marcella alinitazama, akasema, "Mzee, kama ulikuwa mbali, nyusi zimeenda wapi?"

Nikamwambia ni jiko.

"Jiko gani, na wewe hata chai hujawahi kuchemsha?"

Nikatoka nje nikaangalie ng'ombe.

Jumapili Winrose alikuja. Mkubwa wake amemsimamisha kazi. Ijumaa wanakutana na wakulima Runyenjes, na yeye ndiye atasimama aeleze kwa nini aliuzia mtu betri mbovu. Wasiporidhika, kazi imeisha. Aliniuliza mara moja tu, "Baba, uliifungua?" Nikamfokea, "Mimi ndiye unaniuliza mambo ya betri?" Akasema, "Nisamehe, Baba." Shemeji, yeye ndiye aliomba msamaha!

Mimi sijawahi kusema nimekosea. Hata ile kesi ya mpaka kwa chifu, nilitoka nikisema ni mpaka ndio ulisogea. Mdomo umezoea hivyo. Nimejaribu kumwambia mtoto asubuhi, nikajikuta namwambia afunge ndama.

Basi jibu lako ni hili: nunua. Betri yao haina kosa. Kama ilikuwa imechoka, stesheni wangembadilishia Mutegi aende zake. Kosa ni la mzee mmoja na bisibisi yake. Mutegi nitampa yule mtamba mweusi, na nitamwambia ni kwa nini.

Salimia dada yangu Nkirote, na watoto Yasser na Rahema. Marcella anawasalimu, anasema mkija msisahau achari ya maembe. Mungu awalinde mmalize mfungo na afya, na mlango wenu usikose mgeni wa heri.

Barua hii nampa Winrose aipeleke posta kesho. Bahasha sijaifunga. Nitamwambia aisome kwanza, aangalie kama nimeandika vizuri, na akitaka kuibeba Ijumaa awasomee wakulima ndipo aiposti, aisome yote. Nitakuwa nimekaa kiti cha mbele.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye,
Mithika.