Pistoni Iliyogoma

Afande,

Imewaka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu akuzungushe. Lakini ilibaki kidogo ivunjike mikononi mwangu, ndiyo maana nakuandikia.

Ulipofariki, pikipiki yako ilikuwa vipande vipande hapa gereji kwangu, Kansanga. Tangi lilikuwa limesharudishiwa rangi nyeusi, ile ya wakati ulipoiendesha ukiwa polisi. Kiti kilikuwa kimeshonwa upya. Ilibaki injini. Pistoni ilikuwa imegandia ndani ya silinda kwa kutu, na neno lako la mwisho kwangu lilikuwa, "Mama Neema, polepole. Hii ikipasuka, ingine hatupati." Kisha hukuja tena. Alikuja mwanao Otim, akaniambia ni presha.

Ilipofika wiki ya maombi ya kukukumbuka, Otim alirudi. Ndugu zenu walikuwa wanashuka kutoka Gulu kwa ajili ya Jumamosi, na mkeo alikuwa ameomba jambo moja tu: pikipiki ifike nyumbani Naguru ikitembea yenyewe, isiletwe imebebwa. Otim alikuja na injini ya bodaboda, akaishusha mlangoni.

"Toa hiyo mbovu, weka hii."

Nikamwambia hukutaka hivyo. Ulitaka irudi kama ilivyotoka kiwandani, kila kitu kiwe chake.

"Mzee amekufa, dada. Mama yangu bado iko."

Alikuwa na haki. Ila nilikukumbuka siku ile ya kwanza, ulipoingia na koti lako la polisi nami nikarudi nyuma mpaka ukutani. Nilikotoka, Bukavu, mtu wa sare akiingia kwako haji kutengenezewa kitu. Hukuniuliza lolote. Ulitoka, ukalivua koti, ukalikunja, ukaliacha nje juu ya jiwe, ndipo ukaingia tena na kunisalimia. Mtu kama huyo ningemwekea vipi injini isiyo yake?

"Nipe leo tu," nikamwambia Otim. "Ikivunjika, hiyo yako nitaifunga mimi mwenyewe, na sitasema neno."

Akavuta benchi, akakaa.

Nikawasha gesi. Nikaipasha silinda moto kuizunguka, polepole, dizeli niliyoilowekea ikaanza kufuka moshi. Nikaweka kipande cha mbao juu ya pistoni, nikagonga. Hakuna. Nikapasha tena, nikagonga tena, safari hii kwa nguvu kidogo. Jasho lilikuwa linaniingia machoni na sikuthubutu kujifuta. Otim alikuwa ameacha kuangalia simu yake.

Nikagonga mara nyingine, tukasikia mlio. Ta! Kama kikombe kilichopasuka.

Otim alisimama. Mimi sikuweza kuinama kutazama. Nilishika nyundo tu, moyoni nikikuomba msamaha, nikitafuta maneno ya kumwambia mkeo. Ni Otim aliyeinama, akapitisha tochi ya simu silinda yote, huku na huku.

"Haijapasuka," akasema taratibu. "Imeshuka. Dada, imeshuka."

Ilikuwa kutu ndiyo iliyoachia. Nilikaa chini sakafuni.

Zile ringi za pistoni ulizoagiza Nairobi zilikuwa bado ndani ya karatasi yake. Nilizifunga kesho yake, nikairudisha injini mahali pake. Jumamosi asubuhi tukaipiga kiki mpaka mguu wangu ukafa ganzi, nayo kimya. Simu ya Otim ikawa inaita kila mara: wageni wamefika, padri amefika. Akaitazama ile injini ya bodaboda pale mlangoni. Nikajua anawaza nini.

Kisha akafanya kitu ambacho sikumfundisha. Alipiga goti kando ya kabureta, akabonyeza kile kipini kidogo cha juu mpaka petroli ikamlowesha kidole. "Mzee ilikuwa inafanya hivi," akasema. "Mimi nilikuwa nasimama hapa, karibu na mguu yake." Akapiga kiki.

Ikawaka, Afande. Sauti nzito, ya kutulia. Hatukutazamana.

Nilipanda nyuma yake. Njia nzima nilisikiliza injini, nikingoja ikohoe kwenye kilima cha Naguru. Haikukohoa. Tulipokaribia kwenu, kabla hatujapiga honi, geti likafunguka. Mkeo alikuwa ameliacha kundi lote la wageni, amekuja kulifungua kwa mikono yake, khanga imemteleza begani. Alitutazama kama mtu aliyekosea nyumba.

"Zima," akasema.

Otim akazima. Mkeo akaweka kiganja juu ya tangi, akakiacha pale muda mrefu, hata nikaogopa kwamba tumemfanyia ubaya.

Kisha akasema, "Washa tena."

Kwaheri, Afande. Nakuahidi kwamba maadamu mikono yangu inashika spana, hakuna atakayeing'oa injini ile. Na Otim anakuja kwangu siku zake za mapumziko. Namfundisha kuitunza, na yeye ananisimulia habari zako. Pumzika. Kazi yako imekamilika.

Fundi wako,
Mama Neema