Kisu Kisicho na Mgongo

Somo yangu Bakari,

Salamu nitazileta mwisho, kama pumzi itabaki. Kwanza pokea habari: leo asubuhi nimeitoa siri yako. Nimemwambia binti yako Mwanamisi kwamba hukuuawa na mwiba. Nimemwambia ulijikata mwenyewe, kwa kisu kile kile, ukaona heri ufe kuliko uchekwe. Sikupunguza neno. Sasa kasirika ukipenda. Mimi nimekasirika tangu siku uliyofumba macho, na sijapata pa kuzitua hasira zangu, maana maiti hagombezwi mbele za watu.

Naandika kwa kuwa kifua changu kimekwisha. Mwalimu uliyemjua, ambaye sauti yake ilitoka darasani ikafika kisimani, sasa akitaka maji huita mara mbili ndipo asikike. Asubuhi hubebwa akawekwa barazani, jua likifika hurudishwa ndani kama mkeka. Nakuja huko uliko, somo. Lakini sitaki nije na mambo haya mdomoni, nikaanza kukutukana hata hatujapeana mikono.

Wakumbuka tulipovuka maji kwenda Changamwe, kwa Mwero mfua vyuma? Tulikuwa na nguvu zetu. Mimi nilitaka kisu cha kwenda nacho porini nawe siku za likizo, nikadhani ni jambo la kufika, kulipa na kurudi. Kumbe nilifuatana na wewe! Mwero akatoa cha kwanza, ukasema kirefu. Ukamwekea kiganja juu ya bapa: "Makali yasipite upana wa mkono wangu. Mimi siendi vitani, naenda kutoa asali." Akatoa cha pili, ukakigonga mpini kwenye jiwe, ukasikiliza, ukasema chuma kimeishia katikati, hakikufika mwisho wa mpini, hicho ni cha kumenyea maembe. Cha tatu ukakirudisha kwa sababu mpini wake ulichorwa maua. "Maua yatanitoa malengelenge." Mwero akaweka nyundo chini akakuuliza, "Bakari, wewe waoa au wanunua kisu?" Ukamjibu, "Mke akinichoka atarudi kwao. Kisu kikinichoka juu ya mti nitarudi kwetu mimi."

Tukacheka mpaka mke wake Mwero akatoka jikoni kutazama.

Ndipo akakufulia ulichokitaka, viwili kutoka kipande kimoja cha springi ya lori, chako na changu. Vifupi, vizito kidogo, mpini wa mkwaju uliopakwa mafuta ya nazi, ala ya ngozi iliyokimeza kisu hadi nusu ya mpini kisije kikadondoka ukiinama. Makali upande mmoja tu. Na upande wa pili ule mgongo mnene, uliosema ndio kisu chenyewe. Ulinifumbisha macho barazani kwa Mwero, mbele ya watu waliosubiri majembe yao, ukanitia kisu mkononi. "Dole gumba liende lenyewe juu ya mgongo. Likikosa pa kukaa, hicho si kisu. Kule juu moshi utakuwa machoni na nyuki masikioni, hutaona kitu. Utasukuma kwa dole."

Hayo ni maneno yako, Bakari. Nimeyabeba miaka yote. Nimewafundisha watoto wa Junda hesabu na dini na kusoma ramani, na hakuna nililolifundisha ambalo nina hakika nalo kama hilo la dole gumba.

Kisha vita vikaja, na makambi ya askari upande wa Nyali, na yule askari aliyetaka kupelekwa porini apige ndege. Ukampeleka. Akakutazama ukichonga vigingi vya kupandia mti, ukipasua fimbo kwa kugonga mgongo wa kisu kwa gogo, ukichuna magome ya kusokotea kamba, yote kwa kile kisu cha Mwero. Siku ya kuondoka akataka mbadilishane. Akakupa chake, kirefu, chembamba, kinang'aa, makali pande zote mbili, na ala yenye kishikizo cha shaba. Ukakubali!

Ulipokileta kwangu nilikushika mkono nikakuuliza, "Dole lako litakaa wapi?" Ukasema, "Wivu huo, mwalimu. Kafundishe watoto kujumlisha." Nikasema hicho ni cha kuuliwa mtu, na hata huyo mtu auliwe akiwa amesimama kimya. Nikasema hicho ni saa ya mfukoni, kazi yake kutolewa watu waone. Nikakwambia yule askari hakuwa mjinga. Amekutana na mtu ambaye hajui thamani ya alichonacho, akachukua kisu akaacha pambo. Baraza zima lilicheka. Ulicheka nawe, lakini ulikifutika kiunoni, na kila ulipopita sokoni ulikuwa umeifunua kanzu upande mmoja, wallahi, kama bwana arusi.

Mtu kuacha kisu chake cha kazi kwa ajili ya kishikizo cha shaba! Mtu aliyemrudishia Mwero visu vitatu!

Na ikawa kama ulivyonifundisha mwenyewe. Ni kwenye ule mzinga ulio juu ya mkondo wa mikoko. Moshi machoni. Hukuona kitu, dole likaenda lenyewe juu ya mgongo, na mgongo haukuwepo. Ukasukuma kwa nguvu zako zote juu ya makali.

Ungeshuka ukaja kwangu. Nyumba yangu ilikuwa njiani. Ningekufunga, ningekutukana, tungekodi gari la punda tuvuke daraja, twende hospitali kisiwani, wakuoshe, wakudunge sindano, na jioni ningekuwa nakucheka ukila uji kwa mkono wa kushoto. Hilo ndilo ulilolikimbia? Ukapitia njia ya nyuma, ukajipaka asali, ukafunga kwa kitambaa cha kushikia mzinga, ukamwambia mkeo ni mwiba wa mndimu. Ukaenda hivyo siku baada ya siku, mkono ndani ya kanzu, ukinijibu salamu kwa mbali. Nilidhani umenuna kwa ajili ya utani. Nikasema moyoni, mwache anune, atakuja mwenyewe kahawa ikiiva.

Nilipoitwa, taya zilikuwa zimeanza kukaza. Ukawatoa wote chumbani, ukaufungua mkono, nikaona. Nikasema twende hospitali sasa hivi, hata kwa kitanda. Ukanishika kwa ule mkono mzima, ukasema kwa meno: "Sema mwiba. Usiniaibishe, somo." Ukaniapisha. Mimi nikaapa, nikidhani nikishaapa utakubali kubebwa. Hukukubali. Ulikuwa wataka kiapo tu. Pepopunda ikakuchukua, nami nikabaki na kiapo chako kama mfupa kooni.

Na sasa nisikilize, kwa maana hili sijamwambia mtu. Siku ya maziko, sheikh alipouliza mbele ya jeneza kama yupo mwenye jambo na marehemu aliseme au amsamehe, watu wote waliitikia, "Tumemsamehe." Mimi nilikuwa safu ya mbele. Niliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, wasije wakanishuku. Nilisema uongo, Bakari. Mbele ya jeneza lako, juu ya mchanga wako, nikiwa na udhu. Sikukusamehe. Nimekuombea dua kila Ijumaa, na kila nikimaliza dua nimekuita mjinga.

Wajua ulichokifanya kwa ule mwiba wako? Mkeo aliukata mndimu. Ule mti wa uani, ambao mtaa mzima ulichuma ndimu bila kubisha hodi. Alilishika shoka mwenyewe siku ya pili baada ya hitima, akaupiga huku akilia na kuutukana, "Umeniulia mume! Umeniulia mume!" Majirani wakamsaidia kuung'oa mizizi. Nami nilisimama pale na fimbo yangu, najua kwamba mti haukufanya lolote, nikanyamaza. Walipouchoma, harufu yake ilifika mpaka msikitini. Tangu hapo hakuna nyumba hapa yenye mndimu. Wameuogopa. Ukitaka ndimu, mpaka mtu apite na kikapu kutoka shamba.

Mwanamisi ndiye aliyeishika mizinga yako. Nduguze wawili wako bandarini, hawana habari. Yeye akajifunga kanga, akapanda. Watu walisema, wakasema, wakachoka, wakanunua asali. Ana mkono wako, somo. Akiutikisa moshi nyuki wanamsikiliza. Leo alikuja barazani kwangu amefutika kile kisu kiunoni, ala ya kishikizo cha shaba na yote. Mkeo ndiyo kwanza ameking'arisha akampa, eti kumbukumbu ya baba.

"Shikamoo, Ami. Nimekuja kwa kinoo chako. Nataka unitilie makali, kesho naenda kule mikokoni."

Nikamuuliza, upande gani? "Pande zote, Ami. Si ndivyo kilivyo?"

Nikamwambia achukue changu, kile pacha, kimetundikwa ukutani na mimi siendi tena popote. Akakataa. "Chako ni chako. Hiki ndicho alichokishika baba siku zake za mwisho." Nikasema kisu hicho hakifai kazi. Akanicheka. "Mama alisema utasema hivyo. Asema nyinyi mlitaniana juu ya kisu hiki mpaka mkachosha watu." Umeona ulivyonifanya? Kweli yangu yote imekuwa utani.

Kisha akanionyesha namna anavyokata sega. Alifumba macho, Bakari. Kama ulivyomfundisha. Mkono ukaenda hewani, na dole gumba likatambaa lenyewe juu ya chuma kutafuta mgongo.

Niliupiga mkono ule kwa fimbo. Kisu kikaanguka. Akanitazama kama mtoto aliyepigwa kofi na mgeni. Basi nikasema yote: mzinga, moshi, dole, kitambaa, njia ya nyuma, kiapo. Nilisema kwa hasira, na kikohozi kikinikata kila neno la pili, na sikuomba radhi kwako hata mara moja.

Hakulia. Aliuliza neno moja tu. "Na mndimu?"

Nikasema mndimu haukukosa kitu.

Ndipo akawaka. Nilifurahi kumwona, wallahi, nilijiona nimepata mwenzangu. "Nyinyi wazee wawili! Mmoja aogopa kuchekwa, mwingine aogopa kiapo, mkatuacha sisi tunatukana mti! Mama mpaka leo hatii ndimu mchuzini!" Akasema angekucheka, ndiyo. Angekucheka mwaka mzima. Angekuita Bakari Dole mbele ya wakwe. Na wewe ungekuwa hai, umekaa kwenye kiti chako, umenuna.

Alipochoka akakiokota kisu, akasema, "Ami, una tupa ya kusagia chuma?"

Ninapoandika haya, yuko nje ya dirisha langu, amekibana kisu kwa mguu juu ya gogo, anausaga upande mmoja wa makali kwa tupa. Amekuwa akifanya hivyo tangu adhuhuri. Chuma ni kigumu, nasikia kinavyolia. Nimemwambia kwamba hata akimaliza bado hakitakuwa kisu kizuri, ni kirefu mno na chuma chake chembamba ndani ya mpini. Kwa hiyo tumepatana. Miti na vigingi na kamba, atatumia changu. Hicho chako ni cha kukatia sega tu, na ncha ataifupisha kesho. Kile kishikizo cha shaba amekikata akamtupia paka achezee.

Ameingia sasa hivi. Nimeiacha kalamu na kuishika tena, samehe mwandiko. Amenipa kisu akasema, "Fumba macho, Ami." Mtoto huyu! Nikafumba. Dole langu hili la mzee, lisilo na nguvu hata ya kupondea tambuu, likaenda lenyewe. Likapata pa kukaa. Bado panakwaruza, hapajalainika, lakini pamekaa dole.

Nilikaa nimefumba macho muda kidogo, nikijifanya napima.

Ametoka kwenda kumwambia mama yake. Sijui atalipokeaje. Huenda kesho nikaletewa matusi badala ya uji, na nitayala. Ametoka na mche wa mndimu pia, alioupata kwa muuza ndimu mwenye kikapu aliyepita alasiri, nao ataupanda pale pale uani uliposimama ule wa kwanza.

Jambo moja sikumwambia. Mkeo huwaambia watu kwamba ulikufa unatabasamu, na kwamba ni dalili njema. Wewe na mimi twajua ni ugonjwa gani unaovuta midomo namna ile. Hilo sitalitoa, hata waniulize. Hukuniapisha juu yake, naliapa mwenyewe. Nitakuja nalo mdomoni mwangu, limefungwa, na huko tutalizika tena.

Ama lile neno la safu ya mbele, la kukusamehe, nimelisema leo, kwa sauti ndogo, kisu kikiwa mkononi. Safari hii sikuwa na wa kumdanganya. Usidhani limekuja lote. Kama ni kisu ningesema kimenolewa upande mmoja. Lakini limetoka, nawe upokee.

Salamu zako hizi hapa, nilikuahidi. Ukiniona naja, usiufiche mkono ndani ya kanzu. Unyooshe mbele za watu wote, wauone, nami nitakucheka kwanza, ndipo tusalimiane.

Mimi somo yako,
Bakari wa Junda