Mume Wangu Anaijaribu Dawa Yangu kwa Kokoto

Mshauri wetu, shikamoo. Naandika mtoto akiwa amelala, nikikatisha ujue ameamka. Mimi nina vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, daktari alinipiga picha akasema ni vidogo, akanipa dawa ya kumeza ya kuviyeyusha, akasema nivumilie miezi sita hata mwaka, nami nikafurahi maana kisu nakiogopa, sasa mume wangu ni mwashi, mtu mzuri sana, hata nepi anafua, ila kwa mambo ya mawe haambiliki, alicheka mpaka akakaa chini, akasema miaka kumi anapasua mawe na hajaona linaloyeyuka kwa kidonge, basi akaja na kokoto kutoka kazini, akaliosha vizuri, akalitia kwenye glasi ya maji pamoja na vidonge vyangu vinne, akaweka juu ya kabati, na kila asubuhi analitoa analipima kwa futi, wiki ya tatu hii halijapungua, hata mama mkwe akija anauliza hali ya jiwe kabla ya hali yangu. Juzijuzi akaniambia kwa upole, "Mke wangu, acha kujaza tumbo dawa za bure, jiwe umeliona mwenyewe."

Nikaacha. Leo siku ya tisa, na yale maumivu chini ya mbavu za kulia yameanza kunirudia nikila mafuta. Jumatatu nina kliniki. Nikisema ukweli watamcheka baba wa mwanangu, nikisema nilimeza zote nitakuwa nimemsitiri, lakini nataka kupona, mshauri, mtoto mwenyewe bado ananyonya. Nifanyeje?

Mke wa mwashi

*

Pole, mdogo wangu. Nilikuwa nacheka, nilipofika kwenye siku tisa kicheko kikaniishia.

Kokoto la mumeo limetoka ardhini. Vijiwe vyako umevitengeneza mwenyewe, mara nyingi ni mafuta yaliyoganda ndani ya nyongo, na dawa hiyo haivirambi kama peremende. Inapita kwenye ini, inaibadilisha nyongo, na nyongo ndiyo inavila polepole. Glasi yenu haina ini. Wala sitakudanganya, vipo vijiwe vinavyogoma, ndiyo maana daktari hurudia picha. Sasa umwambie umemeza zote, akute havijapungua, si ataona dawa imeshindwa akuandikie upasuaji? Yaani upasuliwe tumbo ili mtu asichekwe?

Usingoje Jumatatu. Nenda kesho asubuhi na dawa zilizobaki, taja siku ulizoacha, sema unanyonyesha, na usimeze mbilimbili kufidia. Ukipata homa, macho yakiwa ya njano, au maumivu yakikataa kuachia, hata hiyo kesho ni mbali, ondoka saa hiyohiyo. Fundi naye aende, abebe mtoto, amuulize daktari yote yanayomkera. Wakimcheka, acheke nao. Ilimradi arudi nyumbani na mke anayepona.