Hendeli Zilizo Chini ya Kitanda Changu

Ng'ambo, Unguja
Ijumaa, baada ya sala

Kwa dada yangu Bi Mwanahawa, Pangani.

Shikamoo dada. Salamu hizi zikukute umekaa, si umesimama jikoni, na Shemeji Abdala anayekusomea namwomba apunguze sauti. Barua hii haikupita posta. Naituma kwa mkono wa jirani yangu anayesafiri, na ikishasomwa itie motoni. Goti lako vipi? Mafuta niliyokuletea unayapaka, au umeyaweka kabatini yangoje wageni? Mimi ukiniuliza nitakwambia sijambo, na mwili kweli haujambo. Moyo ndio unaokwenda mbio kama gari lililokatika breki mteremkoni.

Kwanza ujue kwamba nduguyo sasa ni mtu mkubwa. Hapa hakuna dereva wa gari la shamba, kuanzia wa Mkokotoni mpaka wa Makunduchi, asiyelijua jina langu. Mimi ndiye ninayewaingiza watu katika chama chetu cha madereva na mautingo. Nikianza kusema, hata kunguru wa Darajani wananyamaza. Nasikia Balozi wa Kiingereza mwenyewe ameuliza, "Huyu Mbwana ni nani?" Na shule, unakumbuka, niliishia darasa la pili, nikamwacha mwalimu bado anasoma.

Basi tumegoma. Mwenzetu mmoja alishikwa na homa. Alipopona akakuta gari lake lina mtu mwingine, na tajiri anamwambia, "Kwani mimi nilikutuma uugue?" Sisi tukasema dereva akiugua, akirudi alikute gari lake. Hilo tu. Matajiri wakakataa.

Lakini kugoma ni kazi kuliko kuendesha. Mkutanoni kila mtu alikuwa akimtazama mwenzake kwa pembeni. "Mie ntagoma," akasema mmoja, "lakini nkigoma mie, wewe hutopanda gari langu?" "Na wewe je, hutopanda langu?" Wakaanza kutajiana mama zao. Hapo nikasimama. Magari yetu ni mazee, betri zake zilikufa zamani. Bila hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mbele, hayawaki hata uyasomee Yasini. Na madukani hendeli hazipo, mpaka ziagizwe ng'ambo ya bahari. Nikawaambia kila mtu aniletee yake. "Ntazilalia mwenyewe. Kitanda changu mie, hata jini hubisha hodi." Wakacheka, na wakaleta. Mmoja kaificha katika mkeka, mwingine katikati ya miwa, mwingine kaifunika kanga ya mkewe kama mtoto mchanga. Zote ziko chini ya kitanda changu, na magari yote yamelala.

Hapa Shemeji asome polepole zaidi. Hendeli si mali yetu, ni za matajiri. Zikionekana kwangu, mimi si mtu wa chama tena, ni mwizi, na mwizi hapelekwi jela kwa maneno mengi. Na mbele ya nyumba yangu, kwenye baraza la muuza kahawa, tangu tugome hukaa askari kanzu. Nimemjuaje? Kanzu yake nzuri, kofia yake nzuri, lakini tangu afike hajabishana na mtu, na kahawa yake inampolea mkononi. Mtu gani wa Ng'ambo hukaa hivyo? Nikitoka ananisalimia. Nikirudi ananisalimia. Dada, salamu zile zimeninyima chakula.

Jana asubuhi akaja Haji, dereva wa gari la Uroa. Amekuja kwa baiskeli kutoka kwao mpaka mjini, shati limemganda mgongoni. Hakukaa.

"Mke wangu ana uchungu, mtoto hatoki, mkunga kasema hawezi tena. Nipe hendeli yangu, kaka."

"Hospitali umekwenda kuomba gari?"

"Nshakwenda. Gari lao liko shamba, wananambia ningoje. Ningoje nini?"

Nikakitazama kitanda. Akitoka na chuma kile, askari atajua vyengine viko wapi. Gari moja likiwaka, watu watasema mgomo umevunjika. Na ikanijia pia kwamba labda Haji katumwa. Nikamtazama usoni, nikaona haya.

Nikamtoa Haji kwa mlango wa uani, mikono mitupu, asije akashikwa na hendeli. Hendeli yake nikaifunga pajani ndani ya suruali, juu nikavaa kanzu, nikatoka mbele kama kila siku, nikichechemea.

"Pole Bwana Mbwana," akasema yule wa barazani. "Mguu una nini?"

"Baridi yabisi."

"Jana hukuwa nayo."

"Imeingia leo."

Akatabasamu. Nikaendelea kuchechemea, sikugeuka nyuma.

Nikamkuta Haji kituoni lilikolala gari lake, akazungusha, likawaka. Nikakaa mbele pamoja na Haji, ili wenzetu wakiniona wajue lina ruhusa. Wao waliona jambo jengine: mtu aliyekataza magari kutoka, yumo ndani ya gari linalotoka. Darajani jiwe likavunja kioo cha upande wangu. Nikawapungia mkono kuwaonyesha kuna dharura, wakadhani nawakejeli. "Nisimame?" akauliza Haji. Nikamwambia asisimame.

Tulipofika Uroa tulimkuta mkewe hajiwezi. Tukamlaza juu ya godoro kwenye sakafu ya gari, na kila tukiingia shimoni alikuwa akimwita mama yake. Tukamfikisha hospitali, nami nikarudi nyumbani kwa miguu.

Alasiri madereva wakajaa ukumbini kwangu. Bakari, ambaye ndiye mkubwa wao, hakuitikia salamu yangu. "Tupe hendeli zetu," akasema. Nikawaeleza yote, kuanzia baiskeli mpaka godoro. Wakatazamana.

"Huyu si ndiye aliyempiga papa kofi?" akasema mmoja.

"Akalisukuma gari peke yake kutoka Mkokotoni, na abiria wamo ndani."

Hizo ni hadithi zangu za barazani. Wakacheka, kicheko kibaya. Dada, nilikuwa nikisema kweli tupu, sikuongeza hata chembe, na haikunifaa kitu. Yule papa nilimpiga kweli, lakini pale hapakuwa mahali pake.

Bakari akaenda mwenyewe hospitali kuuliza. Tukamngoja. Aliporudi aliketi sakafuni.

"Ni kweli," akasema. "Mtoto wa kike, mzima, na mama yake yu hai. Lakini Haji kashikwa mlangoni pa hospitali. Tajiri wake kasema gari limeibwa."

Hakuna aliyetaja hendeli tena. Wakaondoka mmoja mmoja. Bakari alinishika bega akanambia, "Haji hatosema ziko wapi." Mimi pia nadhani hatosema. Lakini mtu ana mtoto mchanga hajamshika bado, na wale askari wanajua kuuliza.

Na leo askari kanzu hayupo barazani. Ungedhani ningefurahi. Tangu asubuhi nasikiliza kila kiatu kinachopita. Ningeweza kupanda chombo nije kwako nile samaki wako wa kupaka. Lakini nikiondoka wataingia wazichukue hendeli, magari yatatoka na madereva wengine, na Haji atakuwa kafungwa bure. Kwa hiyo sitoki. Nimekaa juu ya kitanda naandika.

Nisalimie shangazi yetu mkubwa, mwambie namwomba dua na si dawa. Nisalimie wanao wote, na fundi seremala anayekaa nyuma yenu. Shemeji Abdala nampa mkono wa shukrani kwa macho yake.

Nna ombi moja, dada. Akija mgeni hapo mlangoni, mtu mwenye adabu kama yule wa barazani, akauliza habari zangu, mwambie nduguyo huyu ni muongo tangu utoto, hajapata kuongoza chama wala mbuzi, na yote anayojisifia ni maneno matupu. Usinionee huruma. Sema mpaka akuamini.

Ni mimi mdogo wako,
Mbwana