Mwezi Uliokataa Kuzimika

Jumamosi, 11 Januari 2020. Kisumu.

Joto limeanza kabla hata chai haijachemka. Macho yanawasha, mgongo unauma. Nimechoka, na sina nguvu ya kulipamba neno hilo.

Mume wangu amelala chumbani. Naandika hapa mezani, simu nimeinyamazisha, kwa sababu katika nyumba hii Baba Akinyi akilala haamshwi. Binti yetu alijua kunyata kabla ya kujua kukimbia. Redio inazimwa, sufuria zinawekwa polepole, mgeni anapokelewa nje. Mtu aliyekesha ziwani lazima alale.

Anavua omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, huko ufuoni Dunga. Kwa asiyejua, omena huvuliwa gizani: taa zinawekwa juu ya maji, omena wanafuata mwanga, wavu unainuliwa. Mwezi ukijaa, taa hazina kazi na boti zinapumzika. Ndoa yetu basi inafuata mwezi. Mimi nagawa dawa kwenye kliniki mchana, nikirudi yeye anatoka. Ni mwezi ukijaa tu ndipo tunalala kitanda kimoja kama watu wengine.

Mwezi uliopita siku hizo zilimalizwa na matanga kwao. Safari hii alikwenda kuezeka nyumba ya mama yake, akarudi Alhamisi jioni. Na Alhamisi hiyo hiyo daktari mwenye kliniki yetu aliniita. Anafungua kliniki nyingine Sondu, anataka nikasimamie chumba cha dawa. Jibu analitaka leo kabla ya saa sita mchana.

Sondu kuna mto, ziwa hakuna. Nikikubali, mimi na Akinyi tunahama. Jambo kama hilo humwambii mtu mlangoni, yeye akivaa gamubuti nawe ukivua viatu.

Kwa hiyo nilipanga Ijumaa. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba mwezi utapatwa usiku huo na Kisumu tutauona vizuri. Nikaona tutakaa nje baada ya kula, tuangalie juu, nimwambie taratibu. Habari ya mwezi nikampa palepale Alhamisi tukila.

Ujinga wangu mwenyewe.

"Utapotea saa ngapi?" akauliza.

"Unaanza saa mbili. Saa nne ndiyo unapatwa kabisa."

Akaacha kutafuna. Nikadhani amependa. Kumbe alikuwa anahesabu giza.

Jana jioni nilimkuta ameshavaa gamubuti. Alikuwa amemwambia mwenye boti, na wenzake wote wamekubali.

"Mama Akinyi, hiyo ni giza ya bure," akaniambia. "Wengine wamelala, sisi tunavua. Na ni wewe umetuletea."

Alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake siku nyingi. Nikamwambia aende salama.

Alipoondoka ndipo nikaisoma ile habari mpaka mwisho. Mwezi ungepita kwenye kivuli hafifu cha pembeni tu. Hautazimika. Wengi hata hawatatambua. Nikampigia, simu imezimwa, kama kawaida yao wakishaingia majini.

Nikakaa nje kwenye kigoda. Mama Njoki, jirani yangu anayeuza mitumba, akaja na kikombe chake. Saa nne ikafika. Upande mmoja wa mwezi ukaingia weusi kidogo, kama sufuria iliyosuguliwa ikabaki na doa la moshi. Uwanja wote ulikuwa mweupe, ungeweza kuchagua mchele.

"Sasa ndiyo hii?" Mama Njoki akauliza.

"Ndiyo hii."

"Aki, hata stima ikipotea tunaonanga giza kuliko hii." Akacheka, akaniaga, akaenda kulala.

Mimi nililia. Nililia kwa hasira, halafu nikamwonea huruma. Nilimfikiria huko katikati ya ziwa na taa zake, akingojea giza nililomwahidi.

Amerudi kabla ya alfajiri na ndoo tupu.

"Mwezi wako umetudanganya," akasema bila ukali. Wenzake wamemcheka njia nzima.

Nikampashia ugali. Nikafungua mdomo nimwambie habari ya Sondu, nikaona kichwa kimeinama, tonge bado liko mkononi. Nikamshika, nikampeleka kitandani.

Tangu hapo nimekaa hapa najiuliza kama Sondu naitaka. Naitaka. Nataka nyumba ambayo mtoto anaweza kuangusha kijiko. Lakini nataka aje nasi, au kama haji, aniambie akiwa ananitazama usoni. Daktari naweza kumjibu bila yeye. Ndivyo tumeishi miaka hii yote, mmoja anaamua mwenzake akiwa amelala. Sitaki kuondoka hivyo.

Saa nne asubuhi imepita. Nimemwaga chai iliyopoa na kumimina nyingine, kikombe chake kikubwa, sukari vile anavyopenda. Akinyi ananiangalia nikielekea mlango wa chumbani, kidole amekiweka mdomoni.

"Mama," ananong'ona, "baba amelala."

Najua amelala. Naenda kumwamsha.