Waliolala Kwako Wakati wa Matanga

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila siwezi kuanza kukueleza mambo bila kukuamkia. Utasema mji umenitoa adabu.

Nimerudi Bombambili, nimerudi na kazini, pale ofisi ya mipango. Ulikuwa unanicheka: "Kwa hiyo unalipwa kuhesabu watu ambao hujawaona?" Mama, safari hii umenipata.

Takwimu za ule utafiti wa watu na makazi zimefika. Watafiti hawapiti kila nyumba, huchagua chache tu. Kwa mkoa mzima zinatosha. Bosi wetu alitaka zituonyeshe hali ya kila mtaa, ili zahanati mpya ijengwe penye shida zaidi. Nikamwambia kwamba katika mtaa mmoja nyumba zilizoulizwa ni chache, za kuokoteza, moja ikienda kombo mtaa wote unakwenda kombo. Akasema tutumie tulichonacho.

Mtaa wako kule Mshangano ukatokea wa kwanza kwa shida. Sikufichi, nilifurahi. Nilikumbuka ile bajaji, kichwa chako mapajani mwangu, na hospitali hatujaiona bado. Nikasema angalau wenzako hawatafia njiani.

Kisha nikaangalia shida yenyewe ni ipi. Watu wamejazana vyumbani, wanalala chini, vitanda hakuna. Mtaani kwako? Hata jirani yako Mama Imelda, na kulalamika kwake kote, ana vitanda vya mninga.

Hapo nikakumbuka. Watafiti walikuja wakati wa matanga yako. Vitanda tulikuwa tumevitoa nje ili akina mama watandike mikeka. Mimi nilikuwa sijiwezi, aliyewajibu ni Mama Mkubwa. Nikampigia simu Namtumbo. Akasema ndiyo, walimuuliza nani anaishi hapa na nani mgeni.

"Sasa mwanangu, mtu kaja kumlilia mdogo wangu, mimi nimwite mgeni? Nikawaambia wote wa hapahapa."

Akawataja mmoja mmoja, hata waliotoka Peramiho. Sikuweza kumlaumu. Ningeulizwa mimi ningejibu vilevile.

Siku kadhaa niliziacha takwimu kama zilivyo. Nani angejua? Zahanati yenyewe mnaihitaji kweli, wewe ndiye ushahidi. Lakini Mama, kulikuwa na mtaa wa pili kwa shida, ulio mbali na hospitali kuliko kwako, na huko nako kuna mama za watu. Mwishowe niliingia kwa bosi nikamwambia kwamba wale wote walikuwa waombolezaji, na marehemu ni mama yangu. Nyumba yako ikaondolewa kwenye hesabu. Zahanati imekwenda kule.

Habari zimefika mtaani, sasa Mama Imelda hanisalimii. Yeye aliyekuosha, Mama! Jumapili nilikaa karibu naye kanisani, akanyanyuka akahamia benchi la mbele. Anasema nimewatupa watu walionilea kwa ajili ya watu nisiowajua. Inaniuma. Ungekuwepo ungenisonya au ungenisifu, na mimi ningejua kama nimekosea. Hivi hivi sijui. Nina hasira na wewe pia, kwa kuniacha na jambo kama hili peke yangu.

Nimeomba tupite nyumba zote mtaani kwako, bila kuruka hata moja, mtaa usemewe na watu wake wenyewe. Wamekubali kwa shingo upande, tena kazi hiyo niifanye Jumamosi zangu. Sawa. Nitaanzia kwa Mama Imelda, anifukuze akitaka, nitarudi.

Basi kwaheri, mama yangu. Mungu akulaze pazuri. Nakuahidi sitaongeza mtu wala kupunguza mtu, hata pale mkono utakapokuwa mzito. Nikifika kwako nitafungua mlango, nitaita hodi kama kawaida, kisha nitaandika kwamba hapa haishi mtu.

Mwanao,
Skola