Sare ya Polisi ya Baba

Salgaa, Februari 2008

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Halima dadangu, kabla hujamsomea Mama, hakikisha Baba ameenda msikitini.

Mama, magoti yako yanaendeleaje na hili joto la Garissa? Mimi mwili uko sawa, lakini roho imekufa. Kwa fujo hizi za uchaguzi barabara ilifungwa na vijana wenye mawe, jirani yangu wa kuziba pancha akakimbia na watoto na godoro moja. Lakini si hayo yanayoninyima usingizi.

Ni hiyo safari ya Baba ya kurudi Mogadishu kwenye upolisi wake wa zamani. Ni mimi nilimtia moyo, astaghfirullah! Waziri Mkuu mpya wa Somalia alipotajwa, nilimpigia Baba nikipiga kelele, "Mzee, huyu ni polisi mwenzenu!" Afisa wa zamani, msomi wa sheria, miaka mingi akihudumia majeruhi kwenye shirika la misaada. Baraza lake la kwanza la mawaziri lilikuwa kubwa mno, kila ukoo ukivuta wake. Akaunda lingine dogo, akaingiza hata watu wasio wabunge. Nikasema sasa nchi imepata mtu. Baba akalia kwenye simu. Akanitumia sare yake ya zamani niipeleke Nakuru kwa yule fundi Mhindi aipanue tumboni. Mimi na kiherehere changu nikaongeza vifungo vipya vya shaba kabla ya kumrudishia huko Garissa.

Jana dereva mmoja wa lori aliniletea habari za Mzee Warsame, aliyekuwa kazini na Baba. Alitangulia Mogadishu, akavaa sare yake siku ya kwanza. Walimpiga risasi kabla hajafika kituoni. Hakuna aliyemuuliza ni polisi wa serikali gani.

Nimempigia Baba mara tatu. "Si wewe ulisema nchi imepata mtu?" ananiuliza, halafu anakata. Na simu ni hiyo yake tu hapo nyumbani. Kuja mwenyewe siwezi, polisi wanasindikiza malori ya mizigo tu, abiria hawaruhusiwi. Ndiyo maana barua nampa huyo dereva.

Mama, nakuomba, chukua wembe. Kata vifungo vyote, chana hiyo sare, choma. Akifoka, mwambie ni mimi niliagiza. Heri anichukie akiwa hai.

Nisalimie shangazi wa maziwa ya ngamia, na mjomba mwalimu wa madrasa. Mwambie asimwombee Baba safari njema. Amwombee aikose.

Mwanao, niliyeipeleka kwa fundi,
Hassan